Kwa nini 4,294,967,297 hupita kipimo cha namba tasa ilhali si tasa

Swali la msomaji: "Nimeipima 4,294,967,297 kwa kipimo cha Fermat nikitumia 2, jibu likaja 1, nikaiandika kuwa ni namba tasa. Mwenzangu anabisha. Nikaandika programu ya kuipima kwa 3, nayo inatoa jibu jipya kila nikibadili aina ya namba. Nani yuko sahihi, na mtu angejuaje kwa kalamu na karatasi? Kuna lingine la kujua kuhusu namba hii?"

Mwenzako yuko sahihi: 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Lakini nawe hukukosea hesabu. Kwa 2, namba hii ni lazima itoe 1, iwe tasa isiwe tasa, na ukishaona sababu yake utakuwa umepata pia ufunguo wa vigawo vyake.

Namba yenyewe ni 2^32 + 1, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza moja. Hapa chini naiita N. Ninaposema kitu "kinabaki" kadhaa, nina maana ya baki baada ya kugawanya. Kubaki −1 ni kupungukiwa na moja ili mgawanyo utimie.

Kanuni ndogo ya Fermat inasema hivi: p ikiwa tasa, na a si kigawe cha p, basi a^(p−1) ukiigawanya kwa p inabaki 1. Kanuni hiyo haigeuzwi. Kila namba tasa inapita, ila kupita hakumaanishi kuwa tasa. Sasa weka N. Kwa kuwa 2^32 ni N − 1, ukiigawanya kwa N inabaki −1. Izidishe kwa yenyewe: 2^64 inabaki 1. Kipeo ambacho kipimo kinakitaka ni N − 1, yaani 4,294,967,296, na hicho ni 64 mara 67,108,864. Kwa hiyo umechukua 1 ukaizidisha yenyewe kwa yenyewe mara milioni sitini na kitu, ikabaki 1. Hapo hakuna kilichopimwa. Ukitumia 4, 8 au 16 utapata yaleyale, maana zote zimezaliwa na 2. Ni sawa na kumwita mtoto atoe ushahidi wa baba yake.

Hata kipimo kikali zaidi cha Miller na Rabin kinapofuka hapa ukitumia 2. Chenyewe huanza na 2, huzidisha kwa yenyewe tena na tena, na hutafuta −1 njiani: 2, 4, 16, 256, 65,536, kisha 4,294,967,296, ambayo ndiyo −1. Imeonekana mara ya tano, kipimo kinaridhika. Namba isiyo tasa inayopita namna hii huitwa tasa bandia kwa besi 2, besi ikiwa ile namba unayopimia.

Tumia 3. Kwa namba za umbo hili kuna kipimo cha Pépin cha mwaka 1877 ambacho hakibahatishi: pandisha 3 kwenye kipeo (N − 1)/2, ambacho kwetu ni 2^31. Ikibaki −1, N ni tasa. Ikibaki kitu kingine chochote, si tasa. Ni kazi ya kuzidisha kwa yenyewe mara 31, kila mara ukibakiza baki tu. Kwa N jibu ni 10,324,303, wakati −1 ingekuwa 4,294,967,296. Basi si tasa, na hiyo imethibitika kabla hujakiona hata kigawo kimoja. Ukizidisha mara moja zaidi ili kufikia kipeo N − 1 cha Fermat, unapata 3,029,026,160 badala ya 1.

Sasa vigawo. Anayeanza kugawanya kwa 2, 3, 5, 7 na kuendelea atafika 641 kwenye jaribio la 116, maana 641 ni namba tasa ya 116 ukihesabu na 2. Asingejua kuna kigawo huko, angejiandaa kupitia namba tasa zote zilizo chini ya 65,536, nazo ni 6,542. Kanuni za shuleni (jumla ya tarakimu ni 59 kwa hiyo haigawanyiki kwa 3, inaishia na 7 kwa hiyo si kigawe cha 5) ni sahihi lakini zinapoteza muda, kwa sababu umbo la N limeshazikataa namba ndogo zote kwa mkupuo mmoja. Tazama.

Chukua p, namba tasa yoyote inayogawanya N. Ukigawanya kwa p, 2^32 inabaki −1 na 2^64 inabaki 1. Kipeo kidogo kabisa kinachoifanya 2 ibaki 1 lazima kiwe kigawo cha 64, kwa hiyo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Kingekuwa 32 au pungufu, 2^32 nayo ingebaki 1, na tumeshaona kuwa inabaki −1. Kwa hiyo ni 64 yenyewe. Kanuni ya Fermat nayo inadai kipeo hicho kigawanye p − 1. Basi p ni kigawe cha 64 ukiongeza 1, hakuna nyingine.

Hilo ni la Euler. Mwaka 1878 Lucas alilibana zaidi. Kwa kuwa p − 1 inagawanyika kwa 8, 2 huwa na kipeuo cha pili kwa upande wa mabaki, maana yake ipo namba s ambayo s^2 inabaki 2 ukigawanya kwa p. Kwa s kipeo cha kwanza cha kubaki 1 kinakuwa 128. Kwa hiyo p ni kigawe cha 128 ukiongeza 1.

Andika orodha: 129, 257, 385, 513, 641. Hapa watu wengi hukosea kwa kuzijaribu zote. 129 ni 3 × 43. Kama ingeigawanya N, 3 nayo ingeigawanya, na 3 haimo kwenye orodha. 385 inaanguka kwa 5, 513 kwa 3. Zinabaki 257 na 641. Kwa 257 huhitaji kugawanya: 2^8 ni 256, inabaki −1, kwa hiyo 2^16 na 2^32 zinabaki 1, na N inabaki 2. Imetoka. Kwa 641 usiguse namba ya tarakimu kumi, panda kwa hatua:

2^16 = 65,536 = 641 × 102 + 154
154 × 154 = 23,716 = 641 × 37 − 1

Kwa hiyo 2^32 inabaki −1, na N inabaki 0. Namba ya kwanza iliyohitaji mgawanyo wa kweli ndiyo iliyokuwa kigawo.

Mwaka 1640 Fermat aliamini kwamba namba zote za umbo 2^(2^n) + 1 ni tasa. Tano za mwanzo ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. N ni ya sita. Goldbach alimtajia Euler suala hilo mwaka 1729, na mwaka 1732 Euler akaitoa 641. Hata bila ubanaji wa Lucas, orodha ya vigawe vya 64 ukiongeza 1 ina namba tasa tano tu mpaka hapo: 193, 257, 449, 577 na 641. Mabaki ya nne za mwanzo ni 109, 2, 325 na 288. Kinachoshangaza ni kwamba silaha iliyotumika ni kanuni ya Fermat mwenyewe, tena ya mwaka uleule wa 1640.

Ukitaka uthibitisho wa mistari michache usio na mgawanyo wowote, 641 ina sura mbili: 5 × 128 + 1, na 625 + 16. Sura ya kwanza inasema 5 × 2^7 inabaki −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5^4 × 2^28 inabaki 1. Sura ya pili inasema 5^4 inabaki sawa na −(2^4). Badilisha: −(2^32) inabaki 1, kwa hiyo 2^32 inabaki −1. Kwisha.

Je, 6,700,417 nayo ni tasa? Usikubali kwa sababu tu ni kubwa. Kipeuo chake cha pili ni kama 2,588, na kila kigawo chake ni kigawo cha N, kwa hiyo nacho ni kigawe cha 128 ukiongeza 1. Kuanzia 129 mpaka 2,561 ziko namba ishirini za aina hiyo, na zilizo tasa ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. 257 tumeshaitoa. Zilizobaki:

641: baki 44
769: baki 120
1,153: baki 334
1,409: baki 622

Migawanyo minne, na 6,700,417 ni tasa. Angalia usiiruke 641 kwa kudhani imeshatumika: kigawo kinaweza kujirudia, na hapa ndipo unapohakikisha kuwa hakikujirudia.

Njia ya pili ya kuivunja N naipenda kuliko hiyo ya orodha, ingawa inahitaji bahati ya kuwa na taarifa ya ziada. N ni jumla ya vipeo viwili vya pili kwa kuitazama tu: 65,536^2 + 1^2. Namba tasa haiandikiki hivyo kwa zaidi ya njia moja. Ukipata njia ya pili, N si tasa. Nayo ipo:

62,264^2 = 3,876,805,696
20,449^2 = 418,161,601
Jumla: 4,294,967,297

Kutoka hapo vigawo vinatoka vyenyewe. Oanisha shufwa na shufwa, witiri na witiri, kisha toa: 65,536 − 62,264 = 3,272, na 20,449 − 1 = 20,448. Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha hizo mbili ni 8. Gawanya zote kwa 8, unapata 409 na 2,556. Sasa jumlisha badala ya kutoa: 65,536 + 62,264 = 127,800, ambayo ni 50 × 2,556, na 20,449 + 1 = 20,450, ambayo ni 50 × 409. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25. Vigawo ni 4^2 + 25^2 = 641, na 409^2 + 2,556^2 = 6,700,417. Usipooanisha shufwa na shufwa, KKS itakuja witiri na hesabu itakwama kwenye kugawanya kwa mbili. Hilo ndilo kosa la kawaida la njia hii.

Ukirudi kinyumenyume unaona ile 1 iliyo mwishoni mwa N inatoka wapi: 25 × 409 ni 10,225, na 4 × 2,556 ni 10,224. Tofauti yao ni moja kamili. Na 25 × 2,556 + 4 × 409 ni 63,900 + 1,636, yaani 65,536.

Sifa nyingine nitazipitia haraka, maana zote zinafuata vigawo. N ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Jumla yao ni 4,301,668,356. Ukiiondoa N mwenyewe zinabaki 6,701,059, kiasi kidogo mno mbele ya N, kwa hiyo N ni namba pungufu. Namba kuanzia 1 mpaka N zisizo na kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1 ni 640 × 6,700,416, sawa na 4,288,266,240. Kwa mfumo wa jozi N inaandikwa 1, kisha sifuri 31, kisha 1: biti 33. Hiyo ya 33 tutairudia, kwa sababu ndiyo inayoiharibu programu yako.

Jirani yake wa pili upande wa chini, 4,294,967,295, ni kinyume chake kabisa. Hiyo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, namba tano tasa za Fermat zikizidishwa pamoja. Kwa kuwa N inazidi zao hilo kwa 2 tu na zote ni witiri, N haina kigawo cha shirika na hata moja kati ya zile tano. Zao hilo lina umaarufu wake katika jometri: mwaka 1796 Gauss alionyesha kuwa umbo sawa la pande 17 linachorika kwa rula na bikari, na 4,294,967,295 ndiyo idadi kubwa kabisa ya pande iliyo witiri ambayo tunajua inachorika hivyo. Ya kubwa zaidi ingehitaji namba tasa ya sita ya Fermat, na mpaka sasa haijapatikana.

Na 641 ina tabia moja ambayo haitajwi sana. Kwa kuwa 5^4 inabaki −(2^4), 5^8 inabaki sawa na 2^8, kwa hiyo 10^8 inabaki sawa na 2^16, yaani 154. Zizidishe kwa zenyewe: 10^16 inabaki −1 kama 2^32. Kwa hiyo 641 inagawanya pia 10,000,000,000,000,001, na desimali za 1/641 hujirudia kila baada ya tarakimu 32.

Usitegemee wepesi huu uendelee. Namba inayofuata, 2^64 + 1, ni 274,177 × 67,280,421,310,721, na ilivunjwa na Landry mwaka 1880. Vigawo vyake ni vigawe vya 256 ukiongeza 1, lakini 274,177 ni namba ya 1,071 kwenye orodha hiyo. Kwetu 641 ilikuwa ya 5.

Turudi kwenye programu yako. Inatoa majibu tofauti kwa sababu kila aina ya namba inafurika mahali pake. Kwenye biti 32 zisizo na alama ya hasi, kikomo ni 4,294,967,295. N inazidi hapo kwa 2, kwa hiyo inahifadhiwa kama 1, na chochote ukigawanya kwa 1 kinabaki 0. Kwenye namba za nukta inayoelea za biti 64, namba nzima zote ni sahihi mpaka 9,007,199,254,740,992. 3^32 ni 1,853,020,188,851,841, bado iko ndani. Baki lake ni 3,793,201,458, na ukilizidisha kwa lenyewe unapata karibu 1.4 × 10^19, nje kabisa. Kwa hiyo hesabu ni safi mara tano za mwanzo na inaharibika ya sita, kimyakimya, bila onyo lolote. Biti 64 zenye alama ya hasi nazo zinaanguka mara ya sita hiyohiyo, kwani kikomo chake ni kama 9.2 × 10^18, na hapo utaanza kuona namba hasi.

Biti 64 zisizo na alama ya hasi zinatosha kwa 3. Kwa 2 hazitoshi, na sababu inachekesha: mara ya tano unapata 4,294,967,296, na ukiizidisha kwa yenyewe ni 2^64 kamili, moja zaidi ya kikomo. Inageuka 0. Programu itakuambia N si tasa, jibu sahihi kwa sababu mbovu, na wewe utadhani kipimo kimefanya kazi.

Tumia namba zisizo na kikomo kama lugha yako inazo. Kama haina, kuna njia ya mkato ya kupata baki la N bila kugawanya: likate zao vipande viwili, biti 32 za chini na zile za juu, kisha toa za juu kutoka za chini. Inafaa kwa sababu 2^32 inabaki −1. Jibu likiwa hasi, ongeza N. Kwa 3^32, kipande cha juu ni 431,439 na cha chini ni 3,793,632,897. Tofauti ni 3,793,201,458, lilelile baki la hapo juu. Kosa la kuogopa hapa ni kutoa ukitumia aina isiyokubali hasi: tofauti ikishuka chini ya sifuri inageuka namba kubwa ajabu, kwa hiyo linganisha vipande kwanza ndipo utoe.

Kagua sehemu tatu. Baada ya kuzidisha mara 5 uone 3,793,201,458, baada ya mara 31 uone 10,324,303, baada ya mara 32 uone 3,029,026,160. La kwanza likikubali na la pili likikataa, kufurika kumeanzia kwenye mara ya sita au baada yake. La kwanza likikataa, angalia N yenyewe imehifadhiwaje.